Brian Wilson baada ya Pet Sounds: alikuwepo au hakuwepo? (jibu refu kidogo)

Mkuu umeuliza kama ni kweli Brian Wilson "alistaafu" baada ya albamu ya Pet Sounds ya 1966 halafu wenzake waliobaki kwenye bendi yao ya Kimarekani, Beach Boys, wakawa wanatoa albamu bila yeye, na kuna mdau hapo juu kashajibu kwa kujiamini kabisa kwamba kuanzia 1967 jamaa alikuwa amelala tu kitandani. Hapana bana. Hiyo habari ya kitandani ipo ila watu wameichanganya miaka, na kibaya zaidi wanasoma kava badala ya kusikiliza.

Mi nimerekodi kwaya kwa muda mrefu kwahiyo masikio yangu huwa yanakimbilia kwenye sauti kwanza, nani kashika ya juu, nani yuko katikati, nani kaingia kuchelewa makusudi. Nilipokaa nikazisikiliza albamu zao kwa kufuata mwaka, moja baada ya nyingine, nikaona kava linadanganya karibu kila mara. Pale jina lake limefichwa ndo yupo kweli, na pale anapotangazwa kwa mbwembwe ndo unamtafuta humwoni.

Turudi nyuma kidogo. Hawa ni vijana wa Hawthorne, California, ndugu watatu Brian, Dennis na Carl, binamu yao Mike Love na rafiki yao Al Jardine, baba wa kina Wilson ndo meneja. Albamu mbili za kwanza, lebo yao Capitol waliandika jina la mtu wao Nick Venet kama prodyuza. Surfer Girl ya Septemba 1963 ndo ya kwanza kuandikwa prodyuza Brian Wilson, na dogo ana miaka 21 tu. Desemba 1964 wako kwenye ndege kwenda Houston akashikwa na hofu mbaya, akavurugikiwa kabisa, na baada ya hapo akawaambia wenzake ziara basi, mi nabaki nyumbani kutunga na kurekodi. Kwa hiyo kujitenga kwake kulianzia hapo, na mwanzoni kulileta faida kubwa sana: wenzake wako barabarani (nafasi yake akashika Glen Campbell, kisha Bruce Johnston) yeye yuko studio Los Angeles na wapigaji wa kukodi kina Hal Blaine na Carol Kaye. Januari 1966 bendi iko Japani inapiga shoo, wanarudi wanakuta sehemu kubwa ya muziki wa Pet Sounds umeshapigwa, wao waje waimbe tu. Na yote hayo anayapanga mtu ambaye sikio la kulia karibu halisikii kabisa, ndo maana miksi zake zilikuwa mono, yaani sauti yote imeunganishwa pamoja bila kugawanywa kushoto na kulia.

Halafu ikaja albamu ya Smile, ile aliyokuwa anaandika na mtunzi wa mashairi Van Dyke Parks, ikafa 1967 kabla haijatoka. Hapa ndo kila mtu anachora mstari: kabla ya Smile yupo, baada ya Smile hayupo.

Sasa chukua Smiley Smile ya Septemba 1967. Kava linasema imetengenezwa na The Beach Boys, bendi nzima, kwa mara ya kwanza. Ukisoma unasema ahaa, kaachia usukani. Ukiisikiliza ni yeye mwanzo mwisho, wamerekodi nyumbani kwake Bel Air, vyombo vichache, vicheko, kinanda, kila kitu kiko wazi mpaka unasikia chumba. Wild Honey ya mwisho wa mwaka huohuo hapo Carl anaanza kushika hatamu, ila nyimbo nyingi ni za Brian na Mike. Friends ya 1968 tena ni Brian anayeongoza, na kuna wimbo humo anaimba mambo yake ya kawaida ya siku nzima mpaka anakuelekeza njia ya kufika kwake. Mtu mnayemwita mtawa huyo! Iliuza vibaya, ilifika namba 126 kwenye chati ya Marekani, lakini mwenyewe aliipenda kuliko zote au karibu na zote.

20/20 ya 1969 ndo kwa mara ya kwanza unasikia pengo la kweli. Mwaka 1968 alishalazwa hospitali ya magonjwa ya akili. Kwenye picha ya mbele ya kava hayupo, ukifungua ndani unamkuta peke yake nyuma ya lile bango la herufi za kupimia macho. Ila sikiliza mwisho wa albamu, nyimbo mbili zinazokuacha mdomo wazi ni za Smile, za 1966, Carl na Dennis wamezifukua na kuzimalizia. Yaani mwenye nyumba hayupo lakini chakula ni cha jikoni kwake.

Hili mi nalijua kwa mwili wangu. Niliwahi kupiga besi kwenye bendi ya dansi Morogoro, mtunzi wetu akaanza kupotea mazoezini, mara anaumwa, mara simu imezimwa, mwisho hatukumwona kabisa, lakini tuliendelea kupiga nyimbo zake karibu mwaka mzima na watu ukumbini hawakujua tofauti. Kuna moja alituachia nusu kwenye kaseti, tukaimalizia sisi wenyewe, na mpaka leo ukinipigia najua ni wapi mkono wake umeishia na wetu umeanza. Ndo maana nikisikia Beach Boys wa 1969 mpaka 1973 siulizi alikuwa studio saa ngapi, nasikilizia mkono.

Na mkono upo. Kuanzia 1967 mpaka 1972 studio ilikuwa ndani ya nyumba yake, kwahiyo bendi inarekodi chini yeye yuko chumbani juu, akijisikia anashuka, asipojisikia hashuki. Sunflower ya 1970 alishuka sana. Surf's Up ya 1971 alishuka kidogo tu, ila kwenye kile kidogo kuna 'Til I Die ambayo kwangu hakuna wimbo wao unaoufikia kwa ukweli, na ule wimbo uliobeba jina la albamu ni wa enzi za Smile: mwanzo anaimba Carl juu ya muziki wa 1966, katikati ni Brian mwenyewe na kinanda, rekodi ya kipindi kilekile, na inasimuliwa kwamba alikuwa hataki hata kuugusa halafu dakika za mwisho akashuka akawaonyesha sehemu ya kumalizia.

1972 bendi ikahamia Uholanzi kurekodi Holland, wakasafirisha studio nzima kutoka California mpaka Baambrugge kwenye banda lililogeuzwa. Brian walimpeleka kwa mbinde. Alichokazania kule ni hadithi ya kitoto yenye muziki, wenzake hawakuielewa, ikawekwa kwenye kisahani cha pembeni ndani ya kava. Lebo nayo ikaikataa albamu mpaka ukaongezwa wimbo wenye nguvu, ndo ukaja Sail On, Sailor, ambao Brian ana mkono wake humo na anaimba Blondie Chaplin wa Durban, Afrika Kusini. Wengi hawajui kabisa kwamba hawa jamaa waliwahi kuwa na Waafrika Kusini wawili kwenye bendi, mwingine Ricky Fataar kwenye ngoma.

Sasa ile ya kitandani. Baba yao alifariki Juni 1973, na hapo ndo Brian alizama kweli, dawa za kulevya, kula hovyo, hatoki. Kwahiyo mdau hapo juu, kitanda ni cha 1973 mpaka 1975 hivi, siyo cha 1967.

1976 wakaja na kampeni ya "Brian karudi". 15 Big Ones, na kava linasema prodyuza ni Brian Wilson peke yake, haijatokea tangu Pet Sounds. Ikafika namba 8. Sikiliza sasa: zaidi kidogo ya nusu ni nyimbo za watu wengine, sauti imekwaruza, unasikia mtu aliyesukumwa kwenye kiti. Mwaka mmoja baadaye ikatoka Love You, hiyo ilifika 53 tu, na ndo Brian mtupu, karibu nyimbo zote zake, vyombo vingi kapiga mwenyewe, besi za sintesaiza zinanguruma kama jenereta. Najua wengi humu mnaiita demo. Sawa, lakini ni demo ya mtu mmoja tu na unamjua tangu noti ya kwanza.

Baada ya hapo sitakuchosha. M.I.U. ya 1978 wamempa cheo cha prodyuza mtendaji, cheo kitupu, kazi waliifanya Al Jardine na Ron Altbach. L.A. ya 1979 alianza akashindwa, wakamwita Bruce Johnston. Miaka ya themanini alikuwa chini ya Eugene Landy, yule mwanasaikolojia aliyeyatawala maisha yake yote mpaka akaishia kusalimisha leseni, na Summer in Paradise ya 1992 ndo albamu pekee ambayo Brian hayumo kabisa. Moja mkuu! Kati ya zote.

Ya mwisho waliyofanya pamoja ni ya 2012, That's Why God Made the Radio, prodyuza yeye, na safari hii kava na masikio vinakubaliana. Ilifika namba 3. Alifariki Juni 2025 akiwa na miaka 82. Kama una haraka ruka katikati ya hiyo ya 2012 nenda nyimbo tatu za mwisho, halafu rudi Friends, haifiki hata dakika 26, isikilize kwa hedifoni, siyo spika ya simu, halafu uniambie nani anaongoza pale.