Ndani ya alalili kaboni imepungua?

Swali: Niko Longido. Kijiji chetu kilitenga alalili, yaani malisho yanayopumzishwa, miaka 6 iliyopita. Nimechukua udongo wa kina cha sentimita 30, ndani na nje. Ndani kaboni ni asilimia 1.3 na udongo una uzito wa gramu 1.25 kwa kila sentimita ya ujazo. Nje ni 1.2 na 1.4. Nikipiga hesabu, nje ndiko kwenye tani nyingi kwa hekta! Ina maana kupumzisha malisho kunapunguza kaboni?

Jibu: Hesabu yako haina kosa: ndani 48.75, nje 50.4. Kilichokuponza ni rula. Nje ng'ombe wamekanyaga hadi udongo ukashindiliwa, hivyo sentimita 30 za huko ni tani 4,200 za udongo kwa hekta. Ndani mizizi imeulegeza, ni tani 3,750 tu. Muuza mahindi wa soko la Kilombero hapa Arusha angekucheka: umelinganisha debe lililoshindiliwa na debe lililomiminwa.

Linganisha udongo wenye uzito sawa. Ndani utashuka hadi sentimita 33.6 ndipo zitimie tani 4,200. Tuseme kipande hicho cha chini kina kaboni asilimia 1: ongeza tani 4.5, unapata 53.25. Sasa alalili imeizidi nje kwa tani 2.85, yaani kama tani 10.5 za hewa ya ukaa ukizidisha kwa 44 na kugawa kwa 12. Ila hiyo asilimia 1 nimeibuni mimi. Rudi ukachimbe hadi 40, ukikata kila sentimita 10, na uzito wa mawe uutoe.

Mashimo yawe mengi. Tofauti ya 0.1 inaweza kuletwa na hame moja la boma lenye samadi ya zamani.

Waulize pia maabara kama walichoma sampuli. Kuchoma huhesabu kaboni yote, hata ya chokaa, na ukanda wa Ziwa Natron umepokea majivu ya Ol Doinyo Lengai, volkano ya kaboneti. Dondoshea udongo tindikali ya haidrokloriki iliyozimuliwa. Ukitoa povu, chokaa ipo na lazima iondolewe kabla ya kupima.

Halafu kaa na wazee. Alalili ni ya ndama na ng'ombe wagonjwa, na eneo kama hilo mara nyingi huchaguliwa penye nyasi nzuri. Waulize pale palikuwaje kabla ya kutengwa.