Kisiwa Kidogo: Maji Chumvi Hupanga Saa, Maji Baridi Hupanga Watu

Anayekwenda kisiwa kidogo kwa mara ya kwanza huuliza habari za ufukwe, chumba na umeme. Maswali yanayotangulia ni mawili: bahari inajaa saa ngapi, na maji ya kunywa yanatoka wapi? Maji chumvi ndiyo yanayoamua boti itaondoka lini, mzigo utashushwa lini, mgonjwa atavushwa lini. Maji baridi ndiyo yanayoamua watu wangapi wanaweza kukaa, na kwa muda gani. Uwe mgeni wa siku tatu au mtu anayetaka kuhamia na familia, anza na haya mawili.

Kuisoma bahari

Sehemu nyingi za dunia bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku moja na ushei. Kutoka kujaa hadi kupwa ni muda wa saa 6 na dakika 12 hivi, na kila siku ratiba husogea mbele kwa takriban dakika 50. Bahari iliyojaa leo saa 4 asubuhi, kesho itajaa karibu saa 5 kasoro dakika 10. Baada ya wiki, saa ile ile uliyoikuta imejaa utaikuta imekupwa. Ndiyo maana saa ya boti ya juma lililopita haifai juma hili, na nahodha anayekwambia "njoo kesho nikuambie" hakupotezei muda.

Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huja bamvu: siku moja au mbili baadaye maji hujaa sana na kupwa sana. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, tofauti ya kujaa na kupwa inakuwa ndogo. Wakati wa bamvu, gati lililokuwa linafikika siku nzima linaweza kubaki juu ya tope kwa saa kadhaa, abiria wakateremkia mbali na kutembea na mizigo kichwani. Lipo jambo moja ambalo wavuvi wanalijua na wageni wengi hawajawahi kuambiwa: mahali pamoja, bamvu hujaa karibu saa zile zile kila linaporudi. Ukimuuliza mzee wa baharini "bamvu hujaa saa ngapi hapa?" na akakujibu, ukiongeza dakika 50 kwa kila siku unaweza kukadiria mwezi mzima bila hata kuwa na mtandao. Kabla ya kuweka tarehe za safari, tazama mwezi kwanza, kisha ndipo utazame bei.

Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Gawa kimo chote cha kujaa katika sehemu 12. Saa ya kwanza hupanda sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Tuseme tofauti kati ya kupwa na kujaa ni mita 3. Saa ya kwanza maji yatapanda sentimita 25 tu, na mtu ataona bahari bado imelala. Saa ya tatu yatapanda sentimita 75, na ya nne vilevile: yaliyokuwa kwenye kifundo cha mguu, saa moja baadaye yako nyongani.

Hapo ndipo watu hunaswa kwenye fungu la mchanga. Mtu anatazama mawimbi mbele yake, kumbe maji yanaingia kwanza nyuma yake, kwenye mkondo ulio kati ya fungu na kisiwa, kwa sababu pale ndipo palipo chini zaidi. Mchanga aliosimamia bado mkavu, lakini njia ya kurudi imeshakatika. Nenda maji yakiwa bado yanakupwa, na geuka yanapofikia mwisho wa kupwa. Usingoje yaguse viatu. Ukitembea ndani ya maji ya magotini penye mchanga, buruza miguu badala ya kukanyaga: samaki taa aliyejifukia husikia mtikisiko akaondoka. Akikuchoma, tumbukiza mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia, kama nyuzi 45 za Selsiasi, kwa dakika 30 hadi 90. Anayepima joto la maji awe mtu mwingine na atumie mkono wake mzima, kwa kuwa mguu wenye maumivu hauhisi unapoungua. Kisha tafuta mhudumu wa afya asafishe jeraha, maana kipande cha mwiba hubaki ndani mara nyingi.

Wenye chombo hukosea zaidi kwenye kamba. Ukifunga boti gatini maji yakiwa yamejaa, kwa kamba fupi iliyokazwa, maji yatakapokupwa itaning'inia, ing'oe kishikizo au ilale ubavu, na yatakaporudi yaijaze kabla haijainuka. Kamba za mbele na za nyuma ziwe na urefu wa angalau mara tatu ya tofauti ya kujaa na kupwa. Kwa nanga hesabu ni nyingine: toa kamba mara tano ya kina, na kina hicho ni cha maji yaliyojaa. Ukitia nanga penye mita 2 wakati bahari imekupwa, ukatoa kamba mita 10, unajiona salama. Bahari ikipanda mita 3, kina ni mita 5 na ulihitaji mita 25. Nanga inavutwa kwenda juu, inang'oka, na chombo kinaondoka usiku.

Kuvuka

Angalia upepo pamoja na mkondo. Upepo ule ule uliokuwa mwanana maji yakitembea nao, huinua mawimbi mafupi yaliyosimama wima mkondo unapogeuka na kukutana nao uso kwa uso. Wenyeji wakisema "tungoje kwa muda wa saa mbili", ngoja. Nahodha anayekataa kuondoka anakutendea wema mkubwa kuliko yule anayekubali kwa sababu umemwongezea nauli.

Jaketi la kuokolea lijaribiwe kabla ya boti kuondoka: lifunge, kisha mtu mwingine alivute juu kwa mabegani. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa kwako na majini litakutoka. Mtoto avae la kipimo chake, lenye mkanda wa kupita kati ya miguu. Unapoingia chomboni kanyaga katikati, mikono mitupu, na begi upokezwe baadaye. Anayeelekea kichefuchefu akae katikati kuelekea nyuma, atazame upeo wa macho, aache simu. Dawa ya kichefuchefu humezwa kama saa moja kabla ya safari, kwa kuwa ukishaanza kutapika haisaidii tena.

Usipange ndege siku ile ile ya kuvuka kurudi bara. Acha usiku mmoja katikati, na wakati wa upepo mkali acha miwili. Dawa unazotumia kila siku zibebwe na akiba ya wiki moja zaidi, sehemu zikae kwenye begi la mkononi. Mjamzito aliyekaribia miezi yake asingoje uchungu ndipo atafute boti: uchungu unaweza kuanza bahari ikiwa imekupwa na chombo kimekaa juu ya mchanga.

Maji baridi yanayoelea

Chini ya kisiwa cha mchanga au cha mawe ya matumbawe hakuna mto wala ziwa. Mvua inapenya ardhini na kuelea juu ya maji chumvi, kwa kuwa maji baridi ni mepesi kidogo. Umbo lake ni kama dengu iliyolazwa: nene katikati ya kisiwa, nyembamba pwani. Kwa hesabu inayoitwa kanuni ya Ghyben na Herzberg, kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari inabeba takriban mita 40 chini yake. Kwenye kisiwa kidogo maji hayo mara nyingi huwa juu ya bahari kwa chini ya mita moja tu, na hesabu hiyo hufanya kazi kinyume pia. Pampu ikishusha maji ya kisima kwa sentimita 10, chumvi iliyo chini huelekea kupanda hadi mita 4.

Ndiyo sababu kisima kilichotumika miaka mingi kwa ndoo na kamba huharibika ndani ya msimu mmoja baada ya kufungwa pampu kubwa. Ndoo huteka kidogo na kukipa kisima nafasi ya kupumua. Pampu huvuta kwa nguvu mahali pamoja, na chumvi ikishapanda inaweza kuchukua miezi na mvua nyingi kuondoka. Kama ni lazima upampu, tumia pampu ndogo, vuta kidogo kidogo mara nyingi, na usichimbe kisima kirefu kwa kudhani kina kitakupa maji mengi. Kina kinakusogeza karibu na chumvi. Visima viwili vifupi vilivyoachana hushinda kimoja kirefu. Ulimi huanza kuhisi chumvi maji yakiwa na kama miligramu 250 za kloridi kwa lita. Ukianza kuisikia kwenye chai, kipumzishe kisima siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo tegemeo la nyumba liwe paa. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita za mraba 60 hutoa lita 60 kwa kila milimita, na ukiondoa inayomwagika na kukauka, hesabu 50. Familia ya watu watano ikitumia lita 20 kila mmoja kwa kunywa, kupika na usafi wa lazima, ni lita 100 kwa siku. Kiangazi cha siku 90 kinataka lita 9,000. Tangi la lita 10,000 litajazwa na milimita 200 za mvua. Fanya hesabu hii kwa kiangazi cha mahali ulipo, tena cha mwaka mbaya, kabla ya kujenga chumba cha wageni. Wageni wanne wanaooga kwa bomba la mvua wanaweza kumaliza kwa wiki moja maji ya familia ya mwezi.

Mvua ya kwanza baada ya kiangazi usiipokee. Paa lina vumbi la chumvi na kinyesi cha ndege. Mwaga angalau lita 1 kwa kila mita ya mraba, yaani lita 60 kwa paa letu, ndipo uelekeze gata kwenye tangi. Bomba la kutekea likae sentimita 5 hadi 10 juu ya sakafu ya tangi, tope libaki chini. Bomba la kufurikia lifungwe wavu mwembamba. Tundu hili ndilo husahauliwa, na mbu hupitia hapo. Paa la asbesto lililochakaa au lenye rangi ya risasi lisitumike kwa maji ya kunywa. Kutibu maji safi yasiyo na tope, weka matone 2 ya jiki isiyo na manukato, yenye nguvu ya asilimia 5 hadi 6, kwa kila lita, koroga, ngoja dakika 30. Jiki haiondoi chumvi.

Choo nacho ni habari ya kisima. Mchanga hupitisha uchafu upesi. Choo cha shimo au karo likae angalau mita 30 kutoka kisimani, na sakafu ya shimo iwe mita 1.5 au zaidi juu ya maji ya ardhini. Yapime maji hayo wakati wa masika, kwa kuwa ndipo yanapokuwa juu. Kisiwa kikiwa chini mno kwa kipimo hicho, jenga choo kilichoinuliwa, chenye chumba cha kuhifadhi kinyesi juu ya ardhi na kutenga mkojo. Kina kazi zaidi, ila kinaokoa kisima cha majirani wote.

Chumvi ndani ya nyumba

Chumvi hunyonya unyevu hewani, kwa hiyo chuma chenye chumvi hakikauki. Bawaba, misumari na skrubu za nje ziwe za stenlesi ya daraja la 316. La 304 huanza madoa mapema karibu na bahari. Waya za sola zikaziwe, zipakwe grisi kwenye maungio, na paneli zioshwe kwa maji baridi kidogo na kitambaa.

Kosa zito kuliko yote ni kuchanganya zege kwa mchanga wa pwani. Chumvi iliyomo huozesha nondo kutoka ndani, kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, zege linapasuka na vipande kuanguka. Plasta ya juu haitibu. Na mchanga uliochotwa ufukweni ulikuwa unaikinga nyumba ile ile na mawimbi ya bamvu. Leta mchanga wa bara, hata kama utalipia boti mara mbili.

Kinachoingia kisiwani hubaki kisiwani hadi mtu akibebe. Vua vifungashio ukiwa bara, leta chakula kwenye vyombo vya kurudi navyo. Betri zilizokufa, balbu, dawa zilizopitwa na chupa za mafuta ya injini zitie kwenye ndoo yenye kifuniko, weka ndoo hiyo karibu na mlango, na iwe kitu cha kwanza kupandishwa botini siku ya kuondoka, kabla ya masanduku, wakati bado kuna nafasi na maji hayajaanza kukupwa.