Njia ya miguu na baiskeli kukatiza uwanja wa mtaa: anzieni kwenye ncha

Kila kamati ya mtaa inayokaa kupanga njia ya kukatiza uwanja wa umma huanza kwa kubishania kabro, yale matofali ya zege ya kutandika njia. Iwe nyekundu au ya kijivu? Tuweke benchi ngapi? Ule mti ukatwe au uachwe? Nimekaa kwenye kamati ya aina hiyo huku Eastlands, Nairobi, na tangu hapo mitaa jirani imekuwa ikiniita nikawasikilize wakipanga yao. Neno langu la kwanza huwa ni lile lile: katikati ya uwanja hakuna shida, iacheni kwanza. Shida ziko pale njia inapoanzia na pale inapotokea, penye barabara, penye mtaro, penye steji ya bodaboda, penye geti la shule. Njia ndefu yenye miti pande zote mbili inaweza kukosa watu kwa sababu ya mita kumi za mwisho ambazo hakuna aliyezifikiria.

Ila hata kabla ya ncha kuna karatasi, na hapo msiharakishe.

Hakikisheni uwanja ni wa umma kwa maandishi, si kwa mazoea. "Tumecheza mpira hapa tangu tukiwa watoto" si hati. Mwaka 1989 Uhuru Park yenyewe, bustani ya umma katikati ya jiji, nusura ipandishwe jumba la ghorofa 60, mpaka mwanamazingira Wangari Maathai alipoandika barua, akapiga kelele, akatukanwa, na mwishowe mradi ukafa. Msitu wa Karura ulihitaji watu kupigwa wakipanda miche ndipo ukapona. Hizo ni sehemu zenye majina makubwa. Uwanja wenu ambao watu huuita "pale kwa field" utatetewa na nani? Tafuteni ramani ya upimaji kule Survey of Kenya, ofisi ya serikali ya upimaji, Ruaraka. Fanyeni upekuzi kwenye Ardhisasa, mtandao wa serikali wa rekodi za ardhi. Andikieni kaunti barua, na ndani yake mtaje Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016, kwa sababu sheria hiyo inaipa ofisi siku 21 za kujibu, na barua inayotaja siku huwa haisahauliwi kwenye droo kama ile ya kubembeleza. Mkitaja pia kifungu cha 62 cha Katiba, kinachosema kaunti inashikilia ardhi ya namna hiyo kwa niaba ya wakazi wake, mtakuwa mmewakumbusha wenye ofisi kwamba si mali yao.

Kisha leteni mpima ardhi, hata kama itabidi mchange. Wetu alipita na mashine yake kutafuta bikoni, zile alama za mpaka, moja akaipata ndani ya banda la kuku la jirani. Ukuta ulikuwa umesogea pole pole miaka nenda miaka rudi, na hakuna aliyeona. Hatukugombana sana, kuku walihamishwa. Lakini kama tungechora njia kwa macho tu, tungeipitisha mahali ambapo baadaye tungeambiwa ni kwa watu.

Uwanja ukipakana na mto, kanuni za mazingira zinataka kingo ziachwe wazi, kuanzia mita 6 hadi mita 30 kutegemea upana wa mto na kimo cha mafuriko. Baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024, sidhani kuna mtu Nairobi anayehitaji kuelezwa kwa nini. Njia ya miguu inaweza kukaa karibu na mto kuliko nyumba, lakini ipandisheni juu kadiri mnavyoweza.

Sasa mstari wenyewe. Wapangaji hupenda kuchora njia iliyonyooka kwa rula, ilhali watu wameshaichora kwa miguu. Kile kijia cha vumbi kinachopinda bila sababu huwa na sababu yake: pale maji hutuama, pale kuna mbwa, pale vijana hukaa jioni. Kipiteni mwezi wa Aprili mvua ikinyesha, si Januari. Mkikipita Januari mtapanga njia ya Januari, na masika yataifanya kidimbwi.

Halafu hesabuni watu. Karibu asilimia 40 ya safari za jiji hili hufanywa kwa miguu, na sera ya kaunti ya mwaka 2015 kuhusu usafiri usio wa magari ilitambua hilo, kwa hiyo hamwombi fadhila. Lakini takwimu ya jiji zima haitamshtua mhandisi wa wadi. Kinachomshtua ni daftari lenu. Simameni kwenye ncha zote mbili kuanzia saa kumi na mbili asubuhi siku ya kazi, muandike kila robo saa: wa miguu, wa baiskeli, mkokoteni, mtoto peke yake, mtu wa kiti cha magurudumu, bodaboda. Rudieni saa kumi jioni, kisha Jumamosi. Rudieni tena saa mbili usiku, na safari hii angalieni ni nani amepotea. Kwetu asubuhi wanawake walikuwa wengi, usiku hawapo kabisa. Wote wanazunguka na barabara kuu. Safu hiyo tupu ndiyo iliyotupatia taa.

Upana ndio utakaowagombanisha, basi msiujadili mkiwa mmeketi. Chukueni chokaa mkachore chini. Sisi tulichora mita mbili, tukamwomba kijana wa maji apite na mkokoteni wake umejaa mitungi, kisha mama aliyebeba mtoto mgongoni na kikapu mkononi aje kutoka upande wa pili, na nyuma yake muuza mikate na baiskeli yake ya Blackmamba, kreti imefungwa nyuma kwa mipira ya tyubu. Walikutana katikati. Mkokoteni haurudi nyuma, kila mtu anajua. Mama akatoka kwenye chokaa akasimama nyasini, muuza mikate akateremka. Mzee mmoja aliyekuwa amepinga mita tatu tangu mwanzo akiogopa kula uwanja wa mpira akasema tu, "Haya, chora tatu." Hakuna mchoro wa kompyuta ambao ungembadilisha.

Mita tatu zinatosha watu kushirikiana. Msiende zaidi ya hapo bila sababu kubwa, maana njia yenye upana wa gari huitwa barabara, na siku moja lori la mchanga litapita, kisha litarudi na wenzake. Na kwa mita tatu, msipake mstari wa kutenganisha baiskeli na miguu. Nimeona mitaa ikifanya hivyo ikafurahia picha. Watoto watatu wakitoka shule hutembea wameshikana mikono, mstari hauwahusu. Hata katikati ya jiji, kwenye njia za baiskeli zenye rangi na alama zote, utakuta pikipiki zimeegeshwa na mtu ametandaza soksi za kuuza. Kama mna nafasi ya mita tano, hapo tenganisheni kweli, kwa kuinua upande mmoja au kwa kuweka sakafu tofauti inayosikika chini ya gurudumu. Mkikosa nafasi, semeni wazi kwamba mwenye njia ni anayetembea, na baiskeli ni mgeni anayekaribishwa. Mwendo wa baiskeli hupunguzwa na mikunjo midogo na miti iliyopandwa vizuri kuliko kibao.

Wengine hunitajia Karura. Ni kweli, kule baiskeli zinaruhusiwa kwenye baadhi ya njia tu, makutano yana nambari, na mambo yanakwenda. Karura pia ina ua, geti, askari na ada ya kuingia. Uwanja wa mtaa hauna hata kimoja, na usiwe nacho.

Twende kwenye ncha.

Adui wa kwanza atakayetajwa ni bodaboda, na mtu atainua mkono kusema tuweke vyuma. Sikilizeni: pikipiki na baiskeli upana wao kwenye usukani unakaribiana sana. Nafasi inayompitisha mtu wa kiti cha magurudumu au mkokoteni humpitisha bodaboda huku anapiga simu. Mkibana vyuma mpaka bodaboda ashindwe, mmemfungia nje yule ambaye njia ilijengwa kwa ajili yake. Zile kona za vyuma zilizopishana ni mbaya zaidi, baiskeli yenye mzigo haigeuki mle. Nguzo moja ya zege katikati, nafasi ya karibu mita moja na nusu kila upande, itazuia magari. Pikipiki haizuiliwi na nguzo.

Inazuiliwa na mazungumzo. Sheria ya Trafiki tayari inakataza pikipiki kwenye njia ya waendao kwa miguu, lakini polisi hatakaa uwanjani kwenu. Mimi nilikwenda steji. Mwenyekiti wao, kijana wa umri wa mwanangu wa pili, alinisikiliza kwa heshima kisha akaniuliza, "Mama, tukizunguka na barabara kuu tunakula mafuta, na pale kwa kona kuna askari wa kanjo kila siku. Utatusaidiaje?" Swali lilikuwa la haki. Kumbe hawakukatiza uwanja kwa sababu ya ufupi peke yake, walikuwa wanakwepa kona na askari wa kaunti. Nikamwambia, "Mwenyekiti, nipe mwezi." Tulichokifanya ni kuomba steji yao isogezwe na kuandikishwa mahali panapojulikana, ili wasisumbuliwe, na wao wakakubali kumtoza faini mwanachama anayepita uwanjani na abiria. Wako wanaopita bado, hasa usiku na hasa wasio wa steji hiyo. Lakini asubuhi watoto wanatembea.

Adui wa pili kwenye ncha ni mtaro. Njia inafika barabarani kwa mbwembwe, halafu kuna mtaro wa wazi wenye kina cha goti na ubao mmoja juu yake. Slabu ya zege juu ya kalvati, pana sawa na njia yenyewe, ni lazima iandikwe kwenye makadirio tangu mwanzo, kwa sababu mkandarasi ataishia kwenye mpaka wa uwanja na kusema kazi yake imekwisha. Mteremko wa kushukia barabarani usizidi sentimita 5 kwa kila mita, vinginevyo kiti cha magurudumu kitahitaji mtu wa kukishika. Na ulizeni barabara yenyewe ni ya nani, kaunti, KURA ya barabara za mijini au KeNHA ya barabara kuu za kitaifa. Tuta na zebra pale njia inapotokea haviwezi kuwekwa na mtu mwingine, na kila mmoja wao atawaelekeza kwa mwenzake msipojua jibu kabla ya kuingia ofisini.

Mama mboga aliye kwenye ncha msimfukuze. Mpimieni nafasi yake pembeni, nje ya zile mita tatu, na ikiwezekana mahali pa kumwaga maji machafu. Yeye yupo saa kumi na moja alfajiri na yupo saa tatu usiku, ana taa yake, na anamjua kila mtoto anayepita.

Kuhusu ujenzi nitasema kidogo. Udongo mweusi wa upande wa Embakasi hunywa maji ukavimba, ukikauka unapasuka. Kabro ikilazwa juu yake bila kuuchimba na kuutoa, mwaka wa pili njia inakuwa mawimbi. Kwa udongo mwekundu wa upande wa Kabete kazi ni nyepesi. Kama pesa ni kidogo, murram iliyoshindiliwa vizuri yenye mgongo wa kumwaga maji inashinda kabro iliyolazwa vibaya. Sakafu ilalie upande sentimita 2 kwa kila mita, maji yatoke. Chochote cha chuma kitaenda kwa muuza vyuma chakavu, kwa hiyo nguzo, benchi na vifuniko viwe vya zege. Taa ya mulika mwizi moja ndefu hutia giza nyuma ya kila kichaka. Afadhali taa fupi nyingi, na vichaka vikatwe mita moja na zaidi kutoka njiani.

Msipitishe njia kwenye uwanja wa mpira. Vijana watawashinda, na watakuwa na haki.

Pesa zina kalenda yake, na kamati nyingi hupitwa nayo. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, lakini mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata kaunti huuwasilisha kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, miezi kumi kabla. Mkienda kwenye kikao cha umma cha mwezi wa Mei, na wengi ndipo huamka, mtakuta makadirio yameshapikwa na mtaambiwa asante kwa maoni. Pelekeni barua, daftari la hesabu na ramani ya mpima ardhi kwa mwakilishi wa wadi mwezi wa Juni au Julai, nakala kwa idara ya uchukuzi ya kaunti, na kila nakala ipigwe muhuri wa kupokelewa. Na mkiomba njia, ombeni kwenye barua hiyo hiyo pesa za kufyeka nyasi na kuzibua kalvati, zikiwa na mstari wake peke yake. Hizo ndizo za kwanza kukatwa, na zikichanganywa na za ujenzi hamtajua zimekatwa lini.