Maswali ya Wasomaji: Picha ya Miezi Sita Kando ya Ruaha Mkuu

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa sekondari wilayani Mbarali, mkoani Mbeya, na mlezi wa klabu ya mazingira. Kila kiangazi wanafunzi hupiga picha za mto uliokauka kwa simu na kuzibandika ukutani, lakini wazazi huzipita bila kusimama, maana hali hiyo wanaiona kila siku. Nimesikia kuna upigaji picha wa majaribio usiohitaji kamera ya gharama. Je, unaweza kutufaa, au ni mchezo wa wasanii tu?

JIBU: Mwalimu, unaweza kuwafaa sana, na wala si mchezo. Mwaka 1842 John Herschel wa Uingereza alieleza namna ya kupata picha kwa utomvu wa maua, na mwaka uliofuata Anna Atkins, aliyekuwa mtaalamu wa mimea, alianza kutumia mbinu nyingine ya Herschel, ile ya picha za buluu, kuweka kumbukumbu za mwani.

Kwa Mto Ruaha Mkuu, ambao tangu 1993 umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi huko chini, katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, ningewashauri kamera ya kopo. Chukueni kopo la maziwa ya unga, lipakeni rangi nyeusi ndani, litobolewe ubavuni kwa ncha ya sindano, kisha ndani ya chumba chenye giza mpachike karatasi ya picha nyeusi na nyeupe, ile inayobadilika ikipigwa na mwanga, mkabala na tundu. Lifungeni imara kwenye nguzo ukingoni mwa mto, likitazama mashariki, kwa kuwa kwetu jua la adhuhuri hupita karibu na utosi na kopo haliwezi kulinasa huko juu. Liacheni hapo miezi sita.

Kila siku jua litachora mstari mmoja, na siku kwa siku mistari hiyo itasogea kutoka kusini kwenda kaskazini. Hapa ndipo penye uzito, Mwalimu: asubuhi ya mawingu huuacha mstari umekatika, kwa hiyo mistari ya Desemba hadi Aprili itakuwa vipandevipande, na ile ya Mei na Juni itakuwa mizima, imeshonana. Mzazi ataiona masika aliyoiishi, na mahali ilipokoma. Karatasi hiyo haisafishwi kwa dawa. Itoeni koponi mkiwa gizani, ipitisheni kwenye skana mara moja, mgeuze rangi kwa kompyuta ili peusi pawe peupe na peupe pawe peusi, kisha muihifadhi mbali na mwanga.

Hata hivyo, kina cha maji hakitasomeka katika picha hiyo. Simikeni mtoni mti wenye alama za sentimita, mwanafunzi ausome kila wiki na kuandika daftarini, na vipimo hivyo vibandikwe chini ya picha. Bila daftari mtakuwa na pambo zuri tu. Naomba pia isiwe picha ya kumnyooshea kidole mfugaji au mkulima mmoja. Bonde la Usangu lina mifereji mingi ya mpunga, na maji hayohayo yanasubiriwa katika mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu.

Wakati kopo likifanya kazi, wanafunzi wanaweza kujaribu mbinu ile ya utomvu: kuponda mchicha, kuchuja maji yake, kuyapaka kwenye karatasi, kulaza juu yake tete au jani la mpunga chini ya kioo, na kuianika juani kwa siku kadhaa. Palipofunikwa hubaki kijani na palipo wazi hupauka. Picha hiyo haina dawa ya kuidumisha. Ikiachwa kwenye mwanga itafifia, nami ningeitundika vivyo hivyo siku ya mkutano wa wazazi.

Anzeni tarehe 21 Desemba na mfungue kopo 21 Juni. Kwa kuwa Desemba shule huwa imefungwa, mpeni taarifa mapema mwenyekiti wa kitongoji, kopo lisije likadhaniwa kuwa kitu cha hatari likang'olewa. Mkichelewa, anzeni Juni mmalize Desemba: mistari mizima itatangulia, na iliyokatika itaonekana mvua zitakaporudi.