Shangazi Anajibu: Mume wangu anasema tumekuja kutafuta, si kutembea

*Shangazi, shikamoo. Mimi na mume wangu ni Wakenya, tunaishi Fuoni, Zanzibar. Yeye ni mpishi katika hoteli moja ya Paje, anapumzika siku moja kwa wiki na siku hiyo hulala mpaka adhuhuri. Mimi sina kazi, nashinda ndani. Natamani tuione Unguja, Pemba, hata Bagamoyo na Tanga, lakini nikitaja safari hujibu kuwa tumekuja kutafuta, si kutembea. Mwezi uliopita nilikwenda Makunduchi peke yangu, majirani wakasema, naye akakasirika. Rafiki ananiita nikamsaidie dukani kwake. Niende, au nirudi kwetu Nakuru? — Mpweke wa Fuoni*

Marahaba mwanangu. Usifungashe kwanza. Mpishi wa hoteli hana Jumamosi wala sikukuu. Wageni hujaa kuanzia Juni mpaka Oktoba, hujaa tena Krismasi mpaka Februari, na miezi hiyo ile siku yake moja ndiyo pumzi yake. Ukimwambia Agosti "twende Pemba", yeye anasikia siku ya saba ya kazi. Wewe nawe siku zako saba zinafanana zote. Hapo ndipo mnapogombana, na nyote wawili mna haki.

Basi usianze na kuomba safari, anza na ratiba ya zamu. Keti naye nayo mkononi, muutafute mwezi wa Novemba. Wageni huwa wamepungua kabla ya Krismasi, na bahari iko kwenye tanga mbili: upepo wa kusi umeisha, wa kaskazi haujashika. Vuli itawalowesha, lakini hunyesha ikaacha. Juni na Julai kusi ina nguvu, na mkondo wa Nungwi, ambao boti ya Pemba lazima iukate, huwatapisha hata waliozaliwa Mkoani, bandari ya Pemba. Hoteli ikimpa likizo Aprili au Mei kwa sababu ya masika, visiwa viacheni, nendeni Nakuru mkawaone wazee.

Kwa Pemba aombe siku nne, mtembee tatu. Si kila boti huenda kila siku, na bahari ikichafuka safari huahirishwa. Ile siku ya nne ndiyo itakayomwokoa asikose zamu. Kateni tiketi ya kurudi pamoja na ya kwenda, majina yawe kama yalivyo kwenye pasipoti, na mbebe vibali vyenu vya ukaazi, la sivyo mtatozwa nauli ya mgeni. Dawa ya kichefuchefu mnywe saa moja kabla ya kung'oa nanga, mle kitu kikavu, urojo mwuache mpaka mrudi, na mkae sehemu ya chini karibu na nyuma, ambako boti haichezi sana. Jambo moja nakusihi: mkiona watu wamejazana mpaka njiani na juu ya mizigo, shukeni. Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama usiku ikielekea Pemba, imebeba kupita uwezo wake, na ziko nyumba hapa ambazo hazijapona. Nauli itapatikana tena.

Mkishuka Mkoani, daladala mpaka Chake Chake, mlale hapo na mtoe pesa taslimu hapo hapo, maana kaskazini msitegemee kadi. Siku ya pili pandeni ya Konde. Daladala inaishia Konde; kwenda msitu wa Ngezi ni bodaboda, na mpatane na dereva saa ya kuwafuata, kwani jioni njia ile haina usafiri. Ng'ambo ya msitu kuna ufukwe wa Vumawimbi, mbebe maji na chakula chenu. Kidike nako mkaone popo wa Pemba wakining'inia mchana kweupe. Popo hao hawapo kwingine duniani. Siku ya tatu nendeni magofu ya Pujini kwa Mkama Ndume, mtawala wa kale, muulizie kile kisima kilichotiwa ukuta katikati, wenyewe husema ili wake zake wawili wasionane. Bagamoyo na Tanga zitasubiri mwakani. Mkienda huko pia mbebe pasipoti, kwa sababu bandarini mtaulizwa.

Novemba ni mbali, najua. Kwa sasa mwache alale, wewe umfuate kazini. Siku ya zamu ya asubuhi, toka na daladala ya njia ya Paje, shuka msitu wa Jozani uwaone kima punju, wale kima wekundu wa Zanzibar, halafu endelea Paje. Chagua siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu. Maji yakikupwa utawaona wanawake ndani kabisa ya bahari, wameinama kati ya vigingi, wakifunga vipande vya mwani kwenye kamba kimoja kimoja. Waombe wakuonyeshe, hawakosi la kukwambia. Yeye akitoka zamu mrudi pamoja. Barabara anayoichukia kwa uchovu itakuwa na wewe ndani yake.

Kuhusu Makunduchi, sidhani kilichomuuma ni safari. Aliisikia barazani kabla ya kuisikia kwako. Mara nyingine mwambie unakokwenda, na nani, na kwamba utarudi kabla ya magharibi, kisha mchukue jirani mmoja mwende wote. Majirani uliosafiri nao hawatakusema. Mabega na magoti yafunikwe, na Ramadhani usile wala kunywa hadharani. Kama hamjajitambulisha kwa sheha, kiongozi wa serikali mtaani kwenu, nendeni wiki hii nyote wawili.

Dukani usiende kwanza. Kibali ulichopewa kama mke aliyemfuata mume hakikuruhusu kufanya kazi, na "kumsaidia rafiki" nyuma ya meza ya duka ni kazi mbele ya Uhamiaji hata kama hakulipi. Mkikutwa, wewe na mwenye duka nyote mna kesi. Rafiki yako akikutaka kweli, yeye kama mwajiri ndiye wa kukuombea kibali cha kazi upande wa Zanzibar, na ukaazi wako ubadilishwe uendane nacho. Muulize kama yuko tayari kwa gharama na makaratasi hayo. Akisema njoo tu, hakuna atakayejua, mkatalie.