Wadogo zangu mnaotaka kuanza spredi ya langalanga, someni hii kabla hamjaweka hela

Kila mwezi napata meseji ya mtu kafika huku Uingereza juzi tu, nyumbani alikuwa anabeti mpira kwa simu, sasa kaona kuna aina ya kubeti inaitwa spredi na kwenye F1 (mbio za magari ya langalanga) ipo, anataka nimfundishe haraka haraka mbio za Jumapili zisimpite. Nimechoka kuandika kile kile kila siku so naandika mara moja hapa, nitakuwa namtumia kila anayeuliza.

Kwanza sahau mkeka. Kwenye mkeka unaweka buku tano, ukichanika umepoteza buku tano yako, unalaani kipa unalala. Spredi haiko hivyo. Huku huulizwi nani atashinda, unaulizwa namba itakuwa kubwa au ndogo kuliko kampuni inavyodhani, na hela unayopata au kupoteza inategemea umepatia kwa kiasi gani au umekosea kwa kiasi gani. Hicho kipande cha mwisho watu wanakisoma wanaitikia "ndio ndio" halafu hawajakielewa kabisa, nilikuwa mimi.

Mfano. Tuseme ni Juni 2023, Lando Norris, dereva wa timu ya McLaren, ana pointi 12 tu baada ya mbio nane, gari bovu, kila mtu anacheka. Kampuni inatoa bei ya pointi zake za msimu mzima 50 – 54 (bei nimeitunga mimi ili mwone hesabu, matokeo ndio ya kweli). Ukiona atapata zaidi unanunua kwa 54, ukiona atapata chini ya hapo unauza kwa 50, ile 4 ya katikati ndio kampuni inakula hapo. Unaweka pauni 2 kwa kila pointi. Sasa McLaren wakaleta vifaa vipya Austria, wiki iliyofuata mbio za Silverstone jamaa kamaliza wa pili, msimu unaisha ana pointi 205. Aliyenunua: 205 toa 54 ni 151, mara 2, anaondoka na pauni 302. Aliyeuza: 205 toa 50 ni 155, mara 2, anadaiwa pauni 310. Ngoja nirudie hapo, ANADAIWA, na yeye kichwani alikuwa anajua kaweka pauni 2.

Na hawa wa kampuni hawakusamehi. Spredi za michezo huku zinasimamiwa na FCA, yani wale wale wanaosimamia mambo ya fedha, sio tume ya kamari kama beti za kawaida, na deni lako ni deni kama deni lingine lolote, wanaweza kukupeleka mahakamani. Ndio maana ukifungua akaunti wanakuuliza mshahara na akiba, usijaze uongo ili wakupandishie kikomo aisee.

Sasa niwaambie nilivyopigwa mimi. Septemba 2024, Singapore. Kila aliyefuatilia langalanga alikuwa anajua kuwa tangu mbio za kwanza pale 2008 hakujawahi kupita mbio bila gari la usalama kutoka (lile linaloingia mbele ya wote kupunguza mwendo mtu akigonga), kuta ziko karibu, usiku, joto, lazima mtu agonge. Na gari la usalama likitoka magari yanabanana tena, aliyekuwa anaongoza kwa sekunde 15 anabaki na 1. Nikajiona mjanja, nikaenda kwenye soko la tofauti ya ushindi kati ya wa kwanza na wa pili, nikauza kwa sekunde 6, pauni 10 kwa sekunde. Nilikaa kwenye kochi na ugali wangu naangalia Norris anaondoka, sekunde 10, 15, 20, mara mbili kagusa ukuta moyo wangu unaruka kwa furaha (Mungu anisamehe) kanyanyuka kaendelea kama hakuna kitu. Mizunguko 62 imeisha gari la usalama halijatoka hata kuoshwa, mara ya kwanza katika historia ya pale. Kashinda kwa sekunde 20.9. Toa 6 ni 14.9, mara 10, pauni 149 zimeenda. Zile zilikuwa za umeme na nauli ya wiki mbili.

Lakini kosa langu halikuwa Singapore, na hapa ndio nataka mtulie. Angalia nilichouza. Kama mambo yangeenda vizuri kuliko yote duniani, tofauti ya ushindi ingekuwa karibu na sifuri, ningepata kama pauni 60 basi. Hiyo ndio dari yangu. Upande wa kupoteza hakukuwa na dari, angeweza kushinda kwa 30, kwa 40. Yani nilihatarisha kitu kisicho na mwisho ili nipate sitini. Tangu siku hiyo kabla sijabonyeza naandika kwenye daftari namba mbili tu, nikipatia sana napata ngapi, nikikosea sana napoteza ngapi, na kama ya pili siwezi kuilipa leo jioni naacha, hata niwe na uhakika vipi. Baadhi ya kampuni zinaweka kikomo cha sekunde zinazohesabiwa kwenye soko hili, kaangalie kwenye kanuni zao kabla, mimi niliangalia baada.

Kwahiyo ukiwa mgeni anza na namba zenye ukuta pande zote. Pointi za dereva kwenye mbio moja ni mfano mzuri, mshindi ni 25, wa pili 18, wa tatu 15, inashuka hivyo mpaka wa kumi anapata 1, haiwezi kupita hapo. Ukinunua dereva kwa 15 baya kabisa ni apate sifuri, umepoteza 15 mara dau lako. Ukimuuza kwa 14 baya kabisa ni ashinde, 11 mara dau. Unalala unajua. Wikendi za sprinti (mbio fupi ya ziada) Jumamosi kuna pointi nyingine nane za mshindi, soma kama kampuni inazihesabu humo au la.

Pointi za msimu ni tamu ila zinadanganya. Jenson Button 2009 na timu ya Brawn alishinda mbio 6 kati ya 7 za mwanzo, akawa na pointi 61 (enzi hizo mshindi alikuwa anapata 10, sio 25). Ukipiga hesabu ya kitoto kwa mbio 17 za msimu unapata kama 148, ukanunua hapo. Hakushinda tena hata moja mwaka ule, kawa bingwa kweli lakini na pointi 95. Unaweza kupatia bingwa na bado ukaliwa, kwenye mkeka hicho kitu hakipo.

Magari mangapi yatamaliza? Hilo soko wazee walilipenda zamani injini zinapasuka ovyo, Monaco 1996 yaliyokuwa bado yanakimbia mpaka bendera ni matatu tu. Siku hizi magari magumu, mimi sigusi. Tena kumbuka aliyekimbia asilimia 90 ya umbali anahesabiwa kamaliza hata kama gari limezima, mtu anashangilia limekufa kumbe hamna kitu.

Ya laivu, ya kubeti mbio zikiwa zinaendelea, waachieni wenyewe. Picha ya kwenye tivii yako imechelewa sekunde kadhaa, kampuni zinapata muda wa magari moja kwa moja kutoka kwenye mbio, wewe unaona moshi bei ilishahama. Laivu itumie kufunga tu, kama ulinunua 54 na sasa bei ni 90 – 95 unaweza kuuza kwa 90 ukachukua 36 zako ukaenda zako.

Halafu kanuni za malipo. Mbio za Spa, Ubelgiji, 2021 mvua iligoma kuisha, wakazunguka nyuma ya gari la usalama tu, wakagawa pointi nusu, Verstappen kapata 12.5 badala ya 25, aliyemnunua kwa 18 ameshinda mbio na kapoteza hela siku hiyo hiyo. Na Spa hiyo hiyo 2024 George Russell kashinda, gari likapimwa likakutwa pungufu kilo 1.5, wakamfuta, ushindi kapewa Hamilton. Kuna kampuni zinalipa kwa matokeo ya jukwaani pale pale mbio zikiisha na kuna zinazosubiri matokeo rasmi. Mshikaji wangu alikuwa kamuuza Russell siku ile, kakasirika kazima simu kaenda kulala kwa hasira, asubuhi anafungua akaunti anakuta imepanda, kanipigia saa kumi na mbili asubuhi kuniuliza kama wamekosea na kama airudishe.