Kabla ya Kufumba Macho, Iangalie Kwanza Kazi Yako

Watu wakisikia kwamba nimekuwa nikitafakari kwa miaka sasa, huniuliza jambo moja: nikae dakika ngapi? Wakishajibiwa huuliza la pili: nifumbe macho au niyaache wazi? Ni maswali mazuri na nitayajibu, ila naomba yasubiri kidogo. Kwa mtu mwenye kazi, watoto, madeni na simu isiyonyamaza, hapo sipo pa kuanzia, na wenye elimu hii walishalisema hilo tangu zamani. Sura ya 6 ya Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, ndiyo inayofundisha kutafakari. Lakini kabla haijaeleza lolote kuhusu namna ya kukaa, ubeti wake wa 3 unasema kwamba kwa anayetaka kupanda kuifikia yoga, yaani nidhamu ya akili, njia ni kutenda. Kwa aliyekwisha kupanda, njia ni utulivu. Sisi wengi bado tunapanda.

Niseme kidogo kuhusu vitabu vyenyewe, maana siku hizi kila kitu kinachotoka India kinaitwa "cha Veda". Veda, maandiko ya kale kabisa ya Wahindu, ziko nne: Rig, Yajur, Sama na Atharva. Ya kale kuliko zote ni Rig, yenye tenzi 1,028, na kwa karne nyingi watu waliihifadhi vichwani na kurithishana kwa mdomo, neno kwa neno na lafudhi yake. Baadaye zikaja Upanishadi, ambazo ndizo mwisho wa Veda, na humo maswali yakageukia ndani: mimi ni nani, na ni nini kinachobaki vingine vyote vikiondoka? Gita ni sehemu ya utenzi mkubwa wa Mahabharata, nayo ina beti 700 katika sura 18. Yoga Sutra za Patanjali, mwalimu wa kale wa yoga, ni sentensi fupifupi za kukariri. Hizi mbili si Veda zenyewe, ila zimejengwa juu ya msingi wake, na kwa mtu wa mjini anayetaka kitu cha kukitendea kazi kesho asubuhi, ndizo ningempa kwanza.

Mimi kazi yangu ni kutoa mizigo bandarini, Dar es Salaam. Anayeijua kazi hii anajua kwamba sehemu kubwa ya mafanikio yake haiko mikononi mwa anayeifanya. Mteja amelipa, nyaraka zimekamilika, lakini meli bado iko nje inasubiri nafasi ya kufunga gati. Au imeshafunga na kontena limeteremshwa, ila limechaguliwa kwenda kukaguliwa. Huku siku za bure zinaisha, tozo za kuhifadhi mzigo zinaanza kuhesabiwa, na mwenye mzigo anapiga simu kila baada ya nusu saa, sauti ikipanda kila anapopiga. Ukiibeba hali hiyo yote kifuani, presha itakuua kabla hujafika umri wa kustaafu.

Kwa mtu aliye katika hali hiyo, Gita ina ubeti ambao nausoma karibu kila siku, wa 47 katika sura ya 2. Maana yake ni hii: haki yako ni kutenda tu, si kuyamiliki matunda; usifanye matunda kuwa ndiyo sababu ya kutenda kwako; wala usishikamane na kutotenda. Wengi huuchukua ubeti huu nusu. Wanasikia habari ya kuachilia matunda, wanadhani wameambiwa "liwalo na liwe", wakae wangoje majaliwa. Wanakiruka kipande cha mwisho, kinachokataza kabisa kukunja mikono. Na kumbuka mazungumzo haya yanafanyika wapi. Shujaa Arjuna yuko katikati ya uwanja wa vita wa Kurukshetra, ameshaweka upinde chini, anatamani kukimbia, na Krishna, Mungu anayemwendeshea gari lake la vita, hamruhusu akimbilie pangoni kutafakari. Anamrudisha kwenye wajibu wake. Beti tatu mbele, ule wa 50 unasema yoga ni ustadi katika matendo. Mtu anayelipua kazi kwa kisingizio cha "kuachilia matokeo" hajaielewa Gita.

Kwa vitendo mimi hufanya hivi. Nina daftari la kawaida la shule, na kila mzigo una ukurasa wake uliopigwa mstari katikati. Kushoto naandika yale yaliyo juu yangu: hati ya shehena, ankara, orodha ya vilivyopakiwa, vibali, namba ya kontena, uzito. Kulia naandika yasiyo juu yangu: meli itafunga gati lini, kontena litakaguliwa au la, mteja atafurahi au atafoka. Kisha nguvu zote zinakwenda kushoto.

Chukua namba ya kontena. Ina herufi nne na tarakimu saba. Ukikosea tarakimu moja kwenye nyaraka, mzigo utakwama na mteja ataingia gharama ambazo hakupaswa kuzilipa. Kwa hiyo naisoma kwa sauti ya chini, kidole kikiwa juu ya kila tarakimu, hati ya shehena mkono huu na orodha ya vilivyopakiwa mkono ule, na wakati huo simu nimeilaza kifudifudi. Akili ikitoroka kwenda kuwazia ada ya shule, nairudisha kwenye tarakimu niliyoishia. Anayefanya hivyo kwa uaminifu ameshaanza kutafakari hata kama hajawahi kukaa mkekani. Ndiyo maana nasema kazi ndiyo mlango.

Upande wa kulia nao una utaratibu wake. Nampigia mteja kabla hajanipigia, namweleza hali ilivyo, hata kama ni mbaya, kisha nafunga daftari. Habari zikija, mzigo umetoka au umezuiwa, nazipokea nikikumbuka ubeti wa 48 wa sura ile ile ya 2: kuwa sawa katika kupata na kukosa, usawa huo ndio unaoitwa yoga. Kontena halitoki haraka zaidi kwa sababu mimi nimetulia. Ila nalala usingizi, na asubuhi nina akili ya kushughulikia lililopo. Mwalimu anaweza kuandaa somo vizuri, hawezi kumfanyia mwanafunzi mtihani. Muuguzi anatoa dawa kwa wakati na kumgeuza mgonjwa kitandani. Kupona kuna mambo mengi yaliyo nje ya mikono yake. Kila kazi ina mstari huo katikati, na kuujua ulipo kunapunguza zaidi ya nusu ya wasiwasi.

Wapo wanaoogopa kwamba falsafa hii itawatoa kwenye kutafuta pesa. Sivyo. Mapokeo ya Kihindu yanataja malengo manne ya maisha: "dharma", yaani uadilifu na wajibu; "artha", yaani mali na riziki; "kama", yaani mapenzi na furaha za dunia; na "moksha", yaani ukombozi wa roho. Riziki imo kihalali kabisa. Mmoja wa wateja wangu, mzee wa Kigujarati mwenye duka la jumla, alinialika dukani kwake wakati wa Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu, kwenye ibada yao ya kubariki vitabu vya hesabu, wanayoiita chopda pujan. Hesabu zake zote siku hizi ziko kwenye kompyuta, lakini alikuwa amenunua daftari jipya jekundu kwa ajili ya siku hiyo. Akalifungua ukurasa wa kwanza, akachovya kidole kwenye unga mwekundu uliolowekwa, akaandika heri upande mmoja na faida upande wa pili, taratibu, huku wajukuu wakimwangalia. Faida haikufichwa kama kitu cha aibu. Iliwekwa wazi mbele ya Lakshmi, mungu wa kike wa mali, na Ganesh, mungu mwenye kichwa cha tembo, ikiwa na heri pembeni yake, na mwaka mzima mwenye duka anajua ameahidi nini.

Kuhusu simu nitasema machache. Katika Katha Upanishadi, Yama, mungu wa mauti, anamfundisha kijana Nachiketa kwamba mwili ni gari la farasi: nafsi ndiye mwenye gari, busara ndiye dereva, akili ni hatamu, milango ya fahamu ni farasi, na vitu vinavyotamanisha ndizo barabara. Watengenezaji wa programu za simu wanalipwa kuwavuta farasi wako. Dereva unayemhitaji hahubiriwi, anafundishwa kwa kanuni ndogo zinazowezekana: simu isiguswe kabla hujanawa uso, isikae mezani wakati wa kula, na kwenye kundi la WhatsApp usijibu ujumbe uliokuudhi mpaka umeusoma mara ya pili. Gita, sura ya 17 ubeti wa 15, inatoa kipimo cha maneno: yasimuumize mtu, yawe kweli, yapendeze, na yawe na manufaa. Jaribu kupima ujumbe wako kwa vigezo hivyo vinne kabla ya kuutuma. Mingi haitatumwa.

Na kuna sentensi moja ya Patanjali ambayo imenisaidia kuishi na watu kuliko mafundisho mengine yote, ya 33 katika sehemu ya kwanza. Anasema akili hutakata kwa kujizoeza kuwa rafiki kwa mwenye furaha, kuwa na huruma kwa mwenye taabu, kumfurahia mtenda mema, na kutomtia moyoni mtenda mabaya. Ukiitazama vizuri utaona inagusa husuda zote za ofisini na za mtaani. Jirani kajenga, mfanyakazi mwenzako kapandishwa cheo, na moyo unachoma. Dawa yake ni kwenda kumpongeza kwa mdomo wako, leo, kabla moyo haujatafuta kasoro zake. Kwa mtenda mabaya, Patanjali hakuagiza umpende wala umwonee haya. Anakutaka usimpe nafasi ya kulala na wewe kitandani usiku. Ukiwa na haki ya kudai, idai kwa njia zake, lakini saa tatu usiku mwache aende.

Sasa turudi kwenye kukaa. Gita inaagiza mahali safi, kiti kisichoinuka sana wala kuwa chini sana, na kiwiliwili, shingo na kichwa vikae wima. Blanketi lililokunjwa juu ya mkeka linatosha. Kama magoti yanauma, kaa kwenye kigoda au kiti, nyayo zikanyage sakafu. Hakuna thawabu ya kujitesa. Fumba macho kama mahali ni salama. Vuta pumzi kwa pua bila kulazimisha, kisha itoe taratibu, ichukue muda mrefu kidogo kuliko ulipoivuta. Pumzi inapotoka polepole, moyo nao hupunguza mwendo, na utausikia. Usiibane pumzi, hasa kama una mimba, shinikizo la damu au maradhi ya moyo. Baada ya hapo kazi ni moja tu: kuifuata pumzi, na akili ikitangatanga, kuirudisha, kama ubeti wa 26 wa sura ya 6 unavyosema. Itatangatanga. Arjuna mwenyewe analalamika kwamba kuidhibiti akili ni kugumu kama kuudhibiti upepo, na Krishna habishi. Anakubali kwamba ni vigumu, kisha anamwambia inawezekana kwa mazoezi na kutoshikamana.

Dakika kumi zinatosha, kila siku, alfajiri kabla nyumba haijaamka. Patanjali anasema mazoezi hushika mizizi yakifanywa kwa muda mrefu, bila kukatizwa, na kwa moyo. Dakika kumi za kila siku zina nguvu kuliko saa nzima ya Jumapili. Kwenye daladala inawezekana pia, macho wazi na begi mapajani, ukihesabu pumzi kutoka kituo hadi kituo.

Ninaombwa mara nyingi niseme kama haya yanaruhusiwa kwa Mkristo au Mwislamu. Mimi ni Mkristo, naenda kanisani, na sioni vema kumdanganya mtu. Haya yametoka ndani ya dini. Mantra, yaani maneno matakatifu ya kurudiarudia, ya Gayatri, iliyomo katika Rig Veda, ni sala inayoelekezwa kwa Savitri, mungu wa jua. Wanaoiuza kama dawa ya usingizi isiyohusiana na imani wanawavunjia heshima Wahindu wanaoisali kila asubuhi, na wanamficha msomaji jambo analostahili kujua. Kwa hiyo mimi siimbi mantra. Pumzi ni ya kila mtu, na kufanya kazi kwa uaminifu bila kung'ang'ania matunda sijaona dini inayokukataza. Ukiwa na shaka, zungumza na padri, mchungaji au shehe wako bila kuficha, na dhamiri yako uiheshimu.

Neno moja zaidi kwa aliye katika msiba mzito, au anayeona maisha hayana maana na usingizi umemkimbia kwa wiki nyingi: nenda hospitali, uonane na daktari. Kukaa kimya peke yako na mawazo hayo kunaweza kukuzidishia. Kutafakari kutakungoja.

Kama unataka kusoma, tafuta Gita katika lugha unayoimudu, yenye maelezo chini ya beti. Usianze mwanzo, sura ya 1 ina majina mengi ya wapiganaji na wengi huishia hapo. Anza sura ya 2 kuanzia ubeti wa 47, uingie ya 3 ambayo yote ni habari ya kazi, kisha ya 6. Siku ukiwa na muda mchache, soma ya 12. Ina beti 20 tu, unaweza kuimaliza ukiwa kwenye foleni ya benki.